Marehemu Aje na Kitambulisho

Tulipoachana wiki iliyopita, Ruwa fundi redio alikuwa amesimama barazani kwangu na kofia ya mume wangu kichwani, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimfundisha jinsi ya kuwa Mohdhar.

Kama gazeti lile lilikupita, hukukosa la kufurahisha. Mume wangu Mohdhar alipakia mizigo ya wasafiri kule uwanja wa ndege, Changamwe, kwa miaka kumi na tisa. Hakusafiri na ndege hata moja. Aliingia matumboni mwao pamoja na masanduku, akatoka, akarudi nyumbani Mjambere kula wali.

Agosti ya mwaka huo wa 1998 alinunua kadi ya picha, kile kipande kinachotiwa ndani ya kompyuta ili picha zitembee kama sinema. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ilitupwa na ofisi moja ya bandarini, Ruwa akaifufua. Mjambere nzima hapakuwa na mtu aliyehitaji kadi ya namna ile. Hata Mohdhar hakuihitaji. Aliinunua kwa sababu juu ya boksi paliandikwa kwamba inakuja na mchezo wa kurusha ndege, bure.

Ndani ya boksi hamkuwa na mchezo. Mlikuwa na karatasi ya masharti.

Mohdhar alicheka, akaiweka karatasi, akasema atakwenda dukani akipata nafasi. Septemba akashikwa na kifua siku tatu. Siku ya nne tulimzika, nami nikaingia eda.

Sasa mtaniuliza, mjane mwenye akili zake anataka mchezo wa nini.

Mama mkwe wangu, Bi Johari, macho yake yanakwenda. Jicho la kulia limekwisha, na daktari alisema la kushoto linafuata, pengine kabla ya mwaka mpya. Maisha yake yote alitaka kwenda Makka, hakujaliwa. Mohdhar alisoma kwenye boksi kwamba mchezo ule una viwanja vya ndege elfu tatu, akakata shauri kwamba Jidda, mlango wa Makka, haikosi kuwamo. Akamwambia mama yake mbele ya watu: "Utakaa kwenye kiti chako, nami nitakurusha mpaka Jidda. Utaiona ikija kwa chini."

Wanaume wa barazani walicheka wiki nzima. Jumaa kinyozi akampa jina la Rubani. Na siku ya mazishi, jeneza linatoka mlangoni, nilisikia kwa dirisha mtu akisema taratibu, "Rubani karuka." Nami naijua sauti ya Jumaa.

Nilitaka jambo moja tu. Bi Johari aione Jidda ile kabla jicho halijazima.

Karatasi ilisema mwisho wa kuchukua mchezo ni Ijumaa, tarehe thelathini Oktoba. Eda yangu ilikuwa inakwisha mwisho wa Januari.

*

Nimeisoma karatasi ile mara nyingi kuliko barua zangu za uchumba. Sharti la kwanza lilisema mchezo ni bure. Kumi na moja yaliyobaki yalieleza kwa nini huwezi kuupata.

Uwe mnunuzi mwenyewe. Uwe na risiti halisi. Ukate mistari myeusi ya chini ya boksi uje nayo. Nyumba moja, mchezo mmoja. Hauuzwi, haubadilishwi, haupewi rafiki. Na la saba: haurithiwi.

Mtu aliyeandika la saba alikaa mezani, akanywa chai yake, akawafikiria wajane.

Boksi lenyewe Bi Johari alikuwa ameshalitia ubani wa matanga. Nililikata chini nikiwa jikoni peke yangu. Tangu siku hiyo ubani ukawa unamwagika kabatini, na kila alipouliza nilimwambia ni panya.

Tulijaribu njia ya haki kwanza, Mungu anajua. Ruwa alikwenda kwenye kibanda cha simu akapiga dukani, bila kutaja jina.

"Mnunuzi akifa je?" akauliza.

"Pole sana," mtu wa dukani akajibu. "Aje na kitambulisho."

"Nimesema amekufa."

"Nimekusikia. Aje mwenyewe na kitambulisho. Haurithiwi."

Ruwa akarudi, akasimama upande wa pili wa pazia, akasema, "Shemeji, wanamtaka marehemu."

Nikamwambia, "Basi watampata."

*

Hapo ndipo kofia ilipoingia.

Ruwa ni Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa kanisa kila Jumapili. Lakini urefu ni ule ule wa Mohdhar, ndevu anazo, na walikuwa hawaachani hata watu wakiwaita pacha wa mama wawili. Nikampa kofia, nikampa kanzu ya rangi ya maziwa. Nikampa na kipande, kitambulisho cha Mohdhar.

Kipande kile kilikuwa kinatafutwa nyumba nzima. Shemeji yangu Sheikhan alikihitaji akaandikishe kifo, maana bila kukirudisha serikali haitoi cheti. Alinijia mara tatu.

"Mwanatatu, hukukiona?"

"Sikukiona, shemeji."

Kilikuwa kimefungwa ndani ya kisutu changu, kwenye kiuno, wakati naapa. Hili ni ungamo langu la wiki hii, na halitakuwa la mwisho. Kwa siku thelathini na tano mume wangu alikuwa amekufa kwa Mungu na kwa majirani, lakini kwa serikali alikuwa hai, kwa sababu nilimkalia kipande.

Picha yake ilikuwa imeingia maji kitambo. Ingeweza kuwa ya mwanamume yeyote mwenye masikio mawili.

Basi nikawa namwuliza Ruwa nyuma ya pazia.

"Jina la mama?"

"Johari binti Tumu."

"Kazi?"

"Kupakia mizigo. Uwanja wa ndege."

"Umeoa?"

Akasita. "Nijibuje hapo?"

"Jibu kama Mohdhar."

"Nimeoa. Mwanatatu."

Wakati huo huo nikasikia fimbo ya Bi Johari ukumbini.

"Nani huyo alosimama hapo?" akauliza.

Bi Johari akasogea, akaitazama kofia kwa jicho lake moja, na uso ukamfunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu Septemba. Ikachukua muda mfupi sana. Kisha ukafungika.

"Ah, Ruwa," akasema. "Umepewa sadaka. Vyema." Akaanza kwenda zake, halafu akageuka. "Lakini umeivaa vibaya. Alikuwa akiisukuma nyuma kidogo."

Ruwa akaisukuma nyuma kidogo.

Nilipaswa kuacha pale pale. Naandika ili nikumbuke kwamba sikuacha.

*

Ruwa alikwenda mjini Jumatatu, akarudi alasiri, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

"Nipe maji kwanza, shemeji."

Nikampitishia gilasi chini ya pazia.

"Aliyenipokea ni mwanamke, anaitwa Achieng," akasema. "Si mtu mbaya. Ana karatasi na kalamu, anazifuata zinakokwenda. Akatazama kipande, akanitazama mimi, akasema umekonda. Nikasema maisha."

"Halafu?"

"Akachukua mistari ya boksi, akainusa. Akauliza mbona inanuka ubani. Nikamwambia kwetu kila kitu kinanuka ubani."

"Umefanya vizuri."

"Halafu akasema tia sahihi, ifanane na ya risiti." Ruwa akanywa maji. "Shemeji, hukuniambia Mohdhar anatia sahihi kwa Kiarabu."

Baba yake alitia kwa Kiarabu, babu yake alitia kwa Kiarabu, na mimi nilikuwa nimeiona sahihi ile miaka kumi na sita, nikaizoea kama mtu anavyozoea mlango wake mwenyewe.

"Ukafanyaje?"

"Nikaandika neno la Kiarabu ninalolijua."

"Wewe unajua neno gani la Kiarabu?"

"Lile la mlangoni kwa mwuza nyama. Nalitazama kila siku nikingoja anikatie mafuta."

Nikakaa chini. Mume wangu, mwana wa watu waliosoma, alikuwa ametia sahihi yake ya mwisho duniani, na ilisema: Halali.

"Achieng akasemaje?"

"Akaitazama ile, akaitazama hii. Akasema hazifanani. Nikamwambia siku ile nilitia nikiwa nimesimama." Akaguna. "Akakubali. Lakini kwa usalama akaleta wino, akasema dole gumba."

"Dole lako?"

"Ningetia la nani, shemeji?"

Nilitaka kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Ruwa ana mke, Kahaso, na watoto wanne pale Ziwa la Ng'ombe, na sasa dole lake limekaa chini ya jina la maiti kwenye faili la watu. Akipatikana, hatafungwa Mohdhar.

"Mchezo uko wapi?" nikauliza.

"Hakunipa."

"Vipi hakukupa?"

"Kuna lile sharti la kumi na moja, tulilodhani hawalifuati. Lazima waje nyumbani wahakikishe kadi imo ndani ya kompyuta ya mnunuzi, na mnunuzi yupo. Wakiridhika ndipo wanatoa sidii ya mchezo. Anakuja Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Alhamisi ni arobaini, Ruwa."

"Najua."

"Ya Mohdhar."

"Najua ya nani. Jumanne na Jumatano amejaa. Nilimwomba Ijumaa, akasema Ijumaa yuko Likoni kwa mnunuzi mwingine. Jumamosi tarehe imepita."

Nikafikiri wale wenye duka walivyo na bidii. Mtu akinunua kitu chao kikaharibika, hutamwona mtu kwa miezi sita. Mtu akidai cha bure, wanapanda gari wanamfuata nyumbani.

*

Nilimwomba Bi Johari hitma isogezwe ifanywe baada ya adhuhuri.

"Kwa sababu gani?"

"Jua la asubuhi ni kali, mama."

"Na la adhuhuri je?" Akanielekezea jicho lake. "Maalim keshaambiwa saa nne. Watu wote washaambiwa saa nne. Una nini, Mwanatatu?"

"Sina kitu, mama."

Basi tulikuwa na saa moja. Achieng aje saa tatu, aione kadi, amwone Ruwa, atoe sidii, aende zake. Saa nne watu waingie wamsomee Mohdhar. Kompyuta ilikuwa chumba cha mbele, pazia langu lilikuwa mlango wa chumba hicho hicho. Kwa hesabu yangu, marehemu angekuwa hai saa tatu na kufa tena saa nne, na hakuna ambaye angeumia.

Alhamisi Ruwa alifika saa mbili na nusu, kofia na kanzu, amepiga pasi. Akakaa barazani kungoja.

Nilisahau jambo moja, nami nimezaliwa Kisauni. Watu wetu hawafiki saa nne wanapoitwa saa nne. Penye harusi hufika saa sita. Penye pilau hufika saa mbili na nusu.

Jumaa alikuwa wa kwanza.

"Ruwa," akasema, akaketi. "Umesilimu lini, hata hatukualikwa?"

"Bado nafikiria."

"Fikiria polepole. Fikiria mpaka pilau iive."

Watu wakacheka. Wakazidi kuja. Saa tatu ikafika, Achieng hayupo. Saa tatu na nusu turubai lilikuwa limejaa. Mara mbili Ruwa aliinuka akatazama barabarani.

"Unamngoja nani?" Jumaa akamwuliza. "Padri?"

"Mgeni tu."

"Kofia hii namjua mwenyewe. Alitaka kuturusha Jidda."

"Alitaka kumrusha mama yake," Ruwa akasema. "Wewe hukuwemo."

Jumaa akanyamaza, ambalo ni jambo la kuandika. Saa nne maalim akagawa juzuu, wanaume wakaanza kusoma, sauti zikajaa nyumba. Nilijiona nimepona. Nilijua mgeni haji tena, mchezo umepotea, na Ruwa atakwenda kwake salama. Wallahi nilishukuru.

Gari lilisimama saa nne na nusu.

*

Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Mwanamke mrefu, sketi ya ofisi, faili kwapani, na mkononi kifuko cha plastiki chenye picha ya ndege. Alipoona turubai na wasomaji akavua miwani, akajifunika kichwa kwa kitambaa chake. Niliona ana adabu, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Samahani wazee," akasema. "Nimechelewa, gari limetuharibikia Kongowea. Hapa ndipo kwa Bwana Mohdhar?"

Kusoma kukakatika, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Jumaa ndiye aliyepata sauti. "Unamtaka Mohdhar yupi, dada?"

"Huyu hapa," Achieng akasema, akatabasamu kwa kumwona mtu anayemjua. "Bwana Mohdhar, habari za tangu juzi?"

Na Ruwa, masikini, mtu ambaye mama yake alimfunza kujibu salamu, akasema, "Nzuri."

Walisikia wanaume arobaini.

"Kuna sherehe?" Achieng akauliza.

"Kuna arobaini," Jumaa akajibu. "Ya Mohdhar."

Achieng akafungua faili. Akaitazama karatasi, akamtazama Ruwa, akatazama juzuu mikononi mwa watu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Huyo ni Ruwa. Anatengeneza redio."

"Hapa kuna kipande. Kuna sahihi. Kuna dole." Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Ndugu zangu, mimi sikuja kumwudhi mfiwa. Lakini hii karatasi ina sharti la kumi na mbili. Kama mtu ametumia jina la mwingine, lazima niipeleke polisi. Nikiificha, kazi si yangu tena."

Nikamwona Ruwa amekunja dole gumba ndani ya kiganja, amelifumbata.

"Kuna mke?" Achieng akauliza.

"Yupo ndani," akasema maalim. "Yuko edani. Haongei na watu."

"Sitamsumbua. Neno moja tu." Akasogea karibu na mlango wangu, akasimama hatua tatu kutoka pazia. Ile picha ya ndege ilikuwa mbele ya macho yangu, nyeupe, inashuka juu ya maji. "Mama, pole na msiba, kama kuna msiba. Nataka uniambie wewe mwenyewe, nami nitaandika utakalosema. Huyu mwanamume mwenye kofia ndiye mumeo, Mohdhar?"

Nikisema siye, Ruwa analala kituoni leo, na sidii inarudi mjini.

Nikisema ndiye, nimejitangazia mume mbele ya wasomaji wa arobaini, ndani ya eda, na mume mwenyewe ni wa Kahaso.

Kitini pake kando ya kompyuta, Bi Johari alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa ule usikivu wa watu ambao macho yamewaacha.

"Mwanatatu," akasema.

"Abee, mama."

"Mjibu mgeni."

Kwa siku arobaini sauti yangu haikuwa imevuka pazia lile kwa mwanamume mwingine ila Ruwa na Sheikhan.

"Ndiye," nikasema.

Kalamu ya Achieng ikaandika. Nje, mtu mmoja akafunga juzuu yake, na mwingine akafunga. Bi Johari akainuka, akaacha fimbo, akashika ukuta, akaanza kuja upande wangu.